Chai Iliyokwisha Kunywewa

Harufu ya karatasi iliyolowa ikakaukia juani, yenye tumbaku kwa mbali na sabuni ya kuoshea vyombo: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu, na hadi leo ikinipita puani mdomo hunijaa mate ya kinyaa. Watu wakisikia nilikulia Nyamiaga, Ngara, miaka ile wakimbizi walipofurika kutoka ng'ambo ya mpaka, hunitazama kwa huruma wakisubiri niwasimulie moshi wa kambi, malori ya chakula na vilima vilivyobaki vipara baada ya miti kukatwa kuni. Hayo yote niliyaona. Lakini kilichonikaa tumboni ni chai.

Zamani tulikunywa chai ya majani kama watu wengine. Mama aliyachemsha pamoja na maziwa na tangawizi iliyopondwa, nyumba nzima ikanukia hadi usingizi ukatutoka wenyewe. Kisha Baba akapata kazi ya usafi katika ofisi ya shirika moja la misaada mjini, akapewa viatu vya ngozi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, akavimba kichwa. Kitambulisho hakukivua hata akienda shambani. Jioni moja alikuja na kopo la maziwa ya unga limejaa vifuko vya chai, kila kimoja na uzi wake, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyumba yake haichemshi tena majani kama watu wa porini. Wazungu wamempa, alisema, kwa sababu wanamjua mtu wa maana wakimwona.

Chai yenyewe ilikuwa uchafu mtupu. Maji ya moto yenye rangi ya mkojo wa mbuzi, ladha ya karatasi, na kile kifuko kikielea kikombeni kama panya aliyezama. Baba alikaa kwenye kiti chake akivuta uzi juu na chini, kidole kidogo kimesimama, mimi nikiziba pua nimalize niende shule. Mama naye hakuipenda, maana aliifukia kwa sukari. Ila sifa zilimnogea. Kwao ni Nyabusozi, kwa wakulima, na tangu aolewe mawifi zake walimwita mshamba mbele ya watu. Sasa wanawake wa jumuiya, waliokuwa wakisali nyumba kwa nyumba kila Alhamisi, walikuwa wameinywa chai yetu na kwenda kuitangaza hadi sokoni. Wakaanza kumsogezea Mama nafasi ya mbele kwenye mkeka. Zamu yetu ilipokaribia tena, hakuna aliyeuliza kama kutakuwa na mihogo. Waliulizia chai ya uzi.

Jumatano jioni, siku moja kabla ya sala, Mama alimwaga kopo jipya kwenye ungo ili achague vifuko vizuri vya wageni, nami nimekaa kando yake. Vingi vilikuwa na madoa, lakini hilo tulishalizoea. Baba alisema vilinyeshewa njiani. Akanyanyua kimoja. Chini yake kilikuwa kimegandamana na kichungi cha sigara iliyokwisha kuvutwa, chenye alama nyekundu ya midomo ya mwanamke.

"Baba Adela," Mama aliita polepole, "vitu hivi vinatoka wapi?"

"Si huko ofisini?"

"Ofisini sehemu gani?"

Baba akapandisha sauti kama mtu aliyeonewa. "Kwenye ndoo ya jikoni! Kwani kuna nini? Wenyewe wanachovya mara moja tu, wanatupa. Chai yote inabaki mle ndani. Naviosha mimi, naanika mimi juu ya bati. Yewe! Ulidhani nani atampa mfagizi boksi zima?"

Nilikimbilia nyuma ya choo nikatapika. Nilitapika mate ya watu nisiowajua, niliyokuwa nikiyanywa kila asubuhi na kushiba, na hata tumbo lilipobaki tupu nilijitia kidole nitapike zaidi. Nilimchukia Baba siku ile. Nasema wazi, nilimwona mchafu, na mkono wake uliponigusa begani niliukwepa.

Alhamisi Mama alinunua majani sokoni, akachemsha chai ya maziwa sufuria kubwa. Rozari ilipokwisha akamimina. Wageni wakatazamana. "Ile ya uzi iko wapi?" akauliza Mama Speciosa, jirani yetu, bibi aliyekimbia Rwanda zamani akiwa msichana na akazeekea kule kwetu. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kitambulisho chake. Niliomba kimoyomoyo Mama aseme tu imeisha, yaishe.

"Ile ilikuwa imekwisha kunywewa," Mama akasema. "Ilitoka kwenye ndoo ya taka, nami nikawapa bila kujua. Mnisamehe."

Mmoja alitema palepale. Mwingine akaziba mdomo kwa kanga akatoka mbio, na wengine wakamfuata bila kuaga. Mama Speciosa alibaki, akanywa kikombe chake hadi chini, akakinyoosha. "Niongeze, mwanangu. Mimi ukimbizini nimekula mabaya kuliko hayo." Mama akammiminia. Nafasi ya mbele kwenye mkeka hakuipata tena, na mawifi wakapata la kuchekea hadi mashirika yalipofunga ofisi zao na kuondoka.

Siku hizi nafanya kazi Biharamulo. Kwenye mikutano huwa tunawekewa maji ya moto na kifuko kando ya kikombe, kipya, ndani ya karatasi yake, nami hukisukuma mbali. Wenzangu hudhani naringa. Kwangu nachemsha majani, kwa jiko la gesi, na maziwa ya kutosha. Kinyaa hakijaniisha, ila simwonei tena Baba. Naionea kinyaa ile ndoo, na dunia iliyomfanya mtu mzima aiinamie ili aonekane mtu mbele ya watoto wake.

Mama alishatutoka, na Baba anakaa nami. Hajawahi kutamka neno juu ya jambo lile, wala sijamuuliza. Lakini kila asubuhi nikimaliza kuchuja, hunyanyuka kwa shida, hunipokonya chujio na kwenda nalo hadi mwisho wa bustani. Hulikung'uta mpaka jani la mwisho lidondoke, kisha huyafukia kwa kisigino.