Soja wa Geti la Muthetheni

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Jumamosi iliyopita nilikuwa msemaji wa familia tulipopeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua mahari, kwa wazazi wa mchumba wa mpwa wangu, huko Muthetheni.

Baba ya msichana alistaafu jeshini baada ya kupigana vita nje ya nchi. Kwa hivyo ndani ya gari niliwafunza wenzangu adabu.

"Soja ni wa kulinda geti. Mzee aliyeenda vitani mwiteni mwanajeshi. Atakayeniaibisha atarudi Machakos na miguu."

Getini tulikuta mzee mwembamba, koti kuukuu, gambuti zimejaa matope. Nikateremsha kioo.

"Soja, fungua basi! Ama unalala kazini?"

Akafungua. Nikashuka, nikamkabidhi kamba ya mbuzi aliyekuwa mkorofi zaidi.

"Shika huyu vizuri. Mdosi wako yuko? Nasikia ni mkali kama pilipili, lakini mimi nitampoza."

"Yuko," akasema. "Ingieni tu."

Ndani nilipewa kiti cha mbele. Nikakohoa kidogo, nikaanza kupanga maneno yangu matamu.

"Karibuni sana," mama ya msichana akasema. "Tunamngoja mzee tu, alikuwa kwa ng'ombe."

Mlango ukafunguka. Yule wa getini akaingia, kamba bado mkononi, mbuzi akimfuata, akaketi kwenye kiti cha mwenye boma.

"Haya, soja amefika," akasema. "Msemaji wenu ni nani?"

Wenzangu wote, mpwa wangu akiwa wa kwanza, wakaninyooshea kidole.