Mkia wa Mbweha

Mama anayetengeneza vitabu vya picha vilivyochakaa, hapa kwenye maktaba yetu ya mji wa Duluth, hukinusa kitabu kabla ya kukifungua, kama mtu anayepima kama maziwa yamechacha. Vidole vyake vimekakamaa kwa gundi. Watoto wametafuna pembe za kurasa, wamewamwagia dubu sharubati, wamewachorea wavuvi ndevu. Ndevu hizo huzifuta moja moja kwa ufutio, akipuliza vumbi na kunong'ona, "Pole, baba." Lorraine wa mapokezi humtania, "Wewe unafuta au unabembeleza?" Yeye huendelea tu kupuliza.

Jana aliingia mwanamke mwenye theluji mabegani, kamshika bintiye mkono. Walileta kile kitabu cha mbweha anayelala nje usiku wa baridi kali, mpaka wenye nyumba wamhurumie wamfungulie mlango. "Nisamehe, mama," alisema, uso umemwiva kwa aibu. "Huyu kaharibu kitabu cha watu!" Mbweha alikuwa amefunikwa kwa penseli ya bluu kuanzia shingoni. "Alikuwa anasikia baridi," mtoto akasema, machozi yakimlengalenga. "Na mlango wanaufungua mwisho kabisa."

Yule mama akashika ufutio. Akaitazama picha kwa muda mrefu, akauinamia ukurasa, akaunusa. Kisha akauweka ufutio chini, akapekua droo yake mpaka akapata penseli ya bluu, akampa mtoto.

"Mkia umeuacha nje, mjukuu wangu," akasema. "Hebu mfunike vizuri."