Mfua Sufuria na Fremu Mbili

Mtaa mzima uliliogopa sikio la yule mama mfua sufuria. Umpelekee sufuria mpya uliyojisifia kuinunua, ataipindua, ataigonga kitako kwa kifundo cha kidole, atainamisha kichwa kama daktari, kisha akuambie taratibu, "Hii haimalizi mwaka." Na kweli haikumaliza. Karakana aliachiwa na baba yake: chumba kimoja chenye mlango wa bati, fuawe iliyopigiliwa juu ya gogo, na mabamba ya alumini yaliyoegemezwa ukutani. Humo alikulia, humo alinyonyesha watoto wake kati ya sufuria moja na nyingine, na humo viganja vyake viligeuka kijivu ambacho sabuni ilishakikatia tamaa.

Lakini kila Jumamosi asubuhi karakana haikufunguliwa. Siku hiyo alivaa suruali ya michezo ya mwanawe aliyehamia mbali, akafunga kofia ngumu chini ya kidevu, akapanda kilima cha nyuma ya mtaa kwa baiskeli ya milimani pamoja na walimu wawili, muuguzi na muuza nyama mmoja mnene, ili tu wapate kuteremka. Sababu nyingine haikuwapo. Na alipokuwa akiteremka alipiga ukelele mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini, hata muuza nyama akambandika jina la King'ora.

Kisha Jumamosi moja fremu ya baiskeli yake ikakatika. Ilikatika katikati ya mteremko, penye kiungo cha chini ya kiti, akarushwa kichakani na kutoka na michubuko mitupu. Watu walicheka, naye alicheka. Ila tangu siku hiyo, kila alipoazimwa baiskeli, vidole vyake vilikakamaa kwenye breki, akawa anateremka kimya kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Hakumwambia mtu. Mumewe na wanawe walipochanga ili apate fremu mpya, moja tu, na achague mwenyewe, alishukuru. Alijua haendi kutafuta fremu tu. Anakwenda kuangalia kama King'ora bado yumo.

Alifuatana na wifi yake, dada wa mumewe, karani wa mahakama asiyeamini chombo chochote chenye magurudumu mawili. Fundi baiskeli alikuwa amewatundikia fremu mbili kwenye kamba katikati ya duka: moja ya alumini, inang'aa kama kijiko kipya, na moja ya kaboni, nyeusi tititi.

"Ya alumini ni ngumu, dada, inavumilia mawe," akaeleza. "Ikibonyea, utaona. Ya kaboni ni nyepesi na inameza mitikisiko. Ila ikigongwa vibaya inaweza kuumia ndani, na nje usione kitu."

"Kama kaka yangu," wifi akasema.

"Wifi, mume wangu muache nyumbani."

Mfua sufuria akaigonga alumini kwa kifundo cha kidole. Ikaitika ngiii, akatabasamu kama aliyekutana na jirani ugenini. Akaigonga kaboni. Ko. Akasogeza sikio, akagonga tena. Ko. Akamtazama fundi kwa huruma.

"Mdogo wangu, hii imepasuka."

"Haijapasuka, dada. Mpya hiyo."

"Sufuria ikilia hivi, hata supu haipikiki."

Akahamia ukutani, kwenye fremu nyingine nyeusi, akazipitia kama muuguzi wa zamu. "Hii nayo imepasuka. Na hii. Hii masikini ndiyo kabisa." Mteja aliyekuwa amepanda baiskeli moja kujaribu kiti akashuka polepole na kuirudisha ilipokuwa.

Fundi akajishika kichwa. "Dada, unanifungia duka."

"Wamekuuzia mzigo mbovu. Pole sana."

"Hiyo si bati. Ni nyuzi zilizolazwa juu ya nyuzi na kugandishwa kwa gundi. Ukigonga godoro nalo unataka likuambie ngiii?"

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kwanza puani, halafu mabegani, mwisho akashikilia meza. Mfua sufuria akafuata, akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Alipotaka kuinuka akaishika ile nyeusi, ikatoka kwenye kamba kwa vidole viwili tu, kicheko kikaanza upya.

"Wifi, usipige chafya," karani akamwonya, "tutaifuata mtaa wa pili."

Fundi alikuwa na baiskeli mbili za kujaribia, zenye fremu za aina zilezile, na nyuma ya duka palikuwa na kimteremko cha mawe kilichoishia kwenye uwanja wa majani. Wifi akatangulia chini na mikoba yote miwili.

Alumini ilikuwa ya kwanza, na kila jiwe lilimfikia likiwa na habari zake. Sikio likaingia kazini papo hapo: hapa pamechomelewa kwa haraka, bomba hili ni jembamba, na mlio ule je, umetoka wapi? Vidole havikubanduka kwenye breki. Alipofika chini aligundua kwamba amekagua fremu njia nzima, kuendesha hakuendesha.

"Umeteremka kama unasindikiza jeneza," wifi akamwambia.

Akapanda tena, sasa na ile ya kaboni. Akaiachia. Sikio likasubiri, halikuletewa kitu. Mawe yalikuwapo, aliyaona yakipita, lakini yalimfikia kwa mbali kama ugomvi wa nyumba ya tatu. Akasikia upepo. Halafu akasikia mtu anapiga ukelele, akashangaa ni nani huyo mwendawazimu, mpaka akaona vidole vyake vimekunjuka na kooni kunamwasha. Akampita wifi, mikoba ikaruka, akauzunguka uwanja mara asizozijua, kisha akaanguka ubavu, polepole, kwenye majani, akalala hapo akiliangalia anga na kucheka.

Fundi alikuja mbio, akaipapasa baiskeli kwanza.

"Kwa mtu wa kuanguka, bora alumini, dada. Utaona ilipobonyea. Wewe hata utainyoosha mwenyewe."

Alisema kweli, na ndipo penye shida. Angeinyoosha mwenyewe. Angeisikiliza kila Jumamosi, kama baba yake alivyoisikiliza alumini mpaka hakuweza tena kunywa chai bila kuigonga birika. Mfua sufuria akajifuta machozi, na kwa muda hakujua ni ya kicheko au ni ya yule mzee.

"Nipe nyeusi," akasema. "Sijui lolote juu yake. Nikianguka, nitakuletea uikague wewe."

"Kila ukianguka?"

"Kila nikianguka."

"Basi tutaonana sana."

Wifi alikuwa ameinama anaokota vitana na funguo majanini. "Hebu niambie, breki za hicho kitu hushikwa wakati gani?"

"Sikuuliza, wifi."

Mfua sufuria akainyanyua baiskeli ya kujaribia, akaanza kuisukuma kuelekea juu.

"Dada, si umeshachagua?" fundi akamwita. "Unakwenda wapi tena?"

"Kuhakikisha," akajibu, wala hakugeuka.