Injini ya Kati

Kaka yangu alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi, mvua ya huko kwake Kuresoi, juu milimani, ikipiga mabati nyuma ya sauti yake.

"Mwalimu, njoo uone. Imekwisha."

Mimi ni dada yake mdogo, lakini ananiita mwalimu kwa sababu nafundisha fizikia katika shule moja ya wasichana hapa Nakuru. Pia anajua akitaka kunichokoza, hilo ndilo jina linalofanya kazi.

Nilimkuta ghalani. Alikuwa ameilaza juu ya magunia matupu ya viazi: ndege ya jeti ya rimoti, ndefu kuliko mimi, nyeupe pe, mabawa yamelala nyuma kama ya mbayuwayu. Aliitengeneza kwa mbao nyepesi, kitambaa cha faiba na gundi, kati ya msimu mmoja wa viazi na mwingine. Nilipitisha kiganja mgongoni mwa ndege nisihisi hata mkwaruzo mmoja. Kisha nikachungulia ndani. Karibu na mkia kulikuwa na nafasi tupu.

"Sasa imebaki injini," kaka akasema.

Tulikuwa tumerusha ndege ndogo za propela kwa miaka mingi, kwanza za betri, halafu za petroli. Watu hucheka wakituona, mkulima wa viazi na mwalimu wa sketi ndefu, wote wawili na mvi, tumeinua nyuso juu. Lakini ugonjwa huu tuliupata utotoni. Tulilelewa kando ya mashamba ya ngano, na ile ndege ya kunyunyizia dawa ilipopita chini chini, watoto wengine walikimbilia nyumbani. Sisi tuliifuata mpaka mwisho wa shamba.

Jeti, hata hivyo, ni kitu kingine. Turbini yake ni injini ya jeti ya kweli, ila ni ndogo kiasi cha kuishika mikononi kama thamosi. Inakunywa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, inavuta hewa kwa mbele na kuitema kwa nyuma ikiwa moto, na mtemo huo ndio unaoisukuma ndege. Hapa kwetu huwezi kuingia dukani ukainunua. Unaiagiza ng'ambo, unangoja, na ikifika haifai, umekwama nayo.

Tulikuwa na tatu za kuchagua: ndogo, ya kati na kubwa. Kwa maelezo ya watengenezaji, ile ndogo ilisukuma kilo nane, na ndege yetu ikijazwa mafuta ingekaribia kilo tisa. Mchoro alioufuata kaka ulisema hiyo inatosha kabisa.

"Tunachukua ndogo," akasema. "Ni nyepesi, hainywi sana, na aliyechora ndege hii si mjinga."

"Aliyechora anaishi karibu na bahari," nikamjibu. "Huku juu hewa ni nyepesi. Injini inakula hewa. Ukiipunguzia chakula, itasukuma vile vile?"

"Hiyo ni ya ubaoni, mwalimu."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mama yetu, ambaye anaishi na kaka na amepita miaka themanini, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Aliinua kichwa.

"Hicho kitu kinachotumia mafuta ya taa," akauliza, "si ni stovu tu?"

"Ni stovu inayopaa, Mama," kaka akasema.

"Basi chukueni ile yenye moto. Stovu dhaifu nimepika nayo sana."

Tulicheka, lakini ubishi haukuisha. Wiki iliyofuata nikamkumbuka mzee mmoja wa mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, fundi mstaafu wa ndege, ambaye mgeni fulani alimwachia turbini ya ukubwa ule ule wa ile ndogo. Nikaenda kumwona. Nilimwomba kitu kimoja tu: atuwashie, tupime.

"Kupima nini, mama?" akashangaa. "Karatasi yake imeandika kilo nane. Itakuwa nane."

"Tupime tu, mzee."

Tuliifunga kwenye ubao wenye magurudumu, nyuma ya ubao tukaunganisha kwa kamba mizani ya kupimia viazi ambayo kaka alikuja nayo, na upande wa pili wa mizani tukaufunga kwenye nguzo ya chuma ya kuanikia nguo. Majirani walikuwa wameshatoka nje. Mzee akawarudisha nyuma, akaiwasha. Kwanza ulisikika mlio mwembamba kama wa birika, halafu ukapanda, ukapanda, mpaka nikausikia kwenye meno. Harufu ya mafuta ya taa ikajaa uani. Mzee akasukuma gesi, kile kijiti cha kuongezea moto, hadi mwisho, ubao ukasonga mbele, kamba ikakaza, na mshale wa mizani ukaenda, ukaenda, ukasimama.

Kilo sita na nusu.

Mzee alisogea, akainama, akavaa miwani. "Mizani yako imeharibika," akamwambia kaka.

Kaka alichukua mfuko wa sukari wa kilo mbili kutoka kwa mama mwenye kibanda cha jirani, akauning'iniza. Mshale ukasoma mbili barabara. Kisha kaka akanigeukia, na badala ya kununa kama nilivyotarajia, akaanza kutabasamu.

"Tuipeleke Kuresoi," akasema. "Nataka kuona huko inafika ngapi."

Mzee mwenyewe aliipakata injini mapajani kwenye pikapu hadi huko juu. Pale mbele ya ghala, mshale haukufika hata pale ulipofika Bondeni. Mama alikuja na kitambaa masikioni, akatazama, akaniambia, "Si nilisema?"

Sasa kaka akageuka upande wa pili kabisa. "Tunachukua kubwa! Ile kubwa kuliko zote!"

Hapo ndipo mimi nilipokataa tena. Kubwa ilikuwa nzito, na uzito wote ungekaa mkiani. Pia ingemaliza tangi kabla hatujaanza kufurahi. Kaka hakubishana kwa maneno mara hii. Alijaza mawe kwenye mifuko miwili, mmoja uzito wa injini kubwa, mwingine wa ile ya kati, kwa kipimo kile kile cha viazi. Tukauweka ule mzito kwenye nafasi ya injini, mimi nikashika bawa moja kwa ncha za vidole, yeye jingine, pale mchoro ulipoweka alama ya usawa. Tukainua. Mkia ukaanguka kama mbuzi aliyekataa kutembea. Tulihamisha betri mbele hadi puani, bado mkia ukashuka. Ingebidi tujaze vipande vya risasi, yale madini mazito, puani, tubebe uzito wa bure angani.

Tukauweka mfuko wa kati. Tukasogeza betri mbele, na tangi kidogo. Tukainua.

Ndege ikatulia kati ya vidole vyetu, pua na mkia sawa, kama iliyopigwa picha. Kaka alinitazama juu ya mgongo wa ndege.

"Ya kati," akasema.

"Ya kati," nikasema.

Injini tuliyoagiza ilipofika, tuliijaribu kwa mizani ile ile kabla ya kuifunga. Huku kwetu juu ilisukuma kupita uzito wa ndege yenyewe. Kaka alipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa.

Tulikuwa na kibali, na mwenye shamba mmoja wa Ndabibi akatukubalia kutumia njia yake ya kurukia ndege, ya nyasi fupi, yenye migunga mwishoni. Tulichagua asubuhi mapema, kabla jua halijaichemsha hewa, maana hewa ya baridi ni nzito na injini inaipenda. Pundamilia walikuwa katikati ya njia. Mzee wa Bondeni aliwaondoa kwa kuwapungia koti. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya pikapu, amejifunga leso mbili.

Rimoti nilishika mimi. Kaka alisema aliyeitengeneza hawezi kuirusha mara ya kwanza, roho itamtoka. Alisimama begani kwangu.

Nikasukuma gesi. Ndege ikasita, kisha ikaondoka, ikirukaruka juu ya nyasi, ikikimbia, ikikimbia. Nilijua ingehitaji nafasi ndefu kwa sababu ya hewa yetu. Migunga ilikuwa inakuja. "Bado," kaka akanong'ona. "Bado. Sasa!" Nikavuta. Magurudumu yakaacha nyasi, na ikapanda juu ya miti huku ikilia mlio ule mwembamba.

Niliizungusha juu ya shamba. Niliipitisha mbele yetu chini chini, kasi mpaka sauti ikafika baada ya ndege. Nikaipindua, tumbo likaangalia mbingu, nikairudisha. Mzee wa Bondeni alikuwa anapiga makofi kama mtu kanisani.

Kutua ndiko kulikonitisha. Nilikuja juu mno, mbio mno, na nusu ya njia ilikuwa imekwisha ndege ikiwa bado hewani.

"Rudi juu!" kaka akasema.

Turbini haijibu papo hapo kama propela. Unasukuma gesi, halafu unangoja ipandishe mzunguko. Nilisukuma. Ndege iliendelea kushuka kuelekea migunga, kungoja kule kukawa kurefu, kisha mlio ukapanda wote kwa pamoja, na ile injini ya kati ikaitupa ndege juu ya matawi, na nafasi ikabaki. Nilijua, na kaka akajua, kwamba ile ndogo isingefanya hivyo.

Mara ya pili nilikuja polepole, nikaiweka kwenye nyasi. Ikakimbia, ikapunguza, ikasimama.

Kaka hakungoja ipoe. Alikimbia, mtu wa umri wake, kofia ikamdondoka, akapiga magoti kando yake akalishika bawa kama mtu anayesalimia. Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Wachungaji walikuwa wameacha mbuzi wao wakaja mbio, wote wanauliza kwa pamoja.

Mama aliinuka kwenye kiti chake, akatembea polepole hadi pale, akaizunguka ndege akiitazama.

"Mafuta yamebaki?" akauliza.

"Yapo ya kutosha, Mama," kaka akasema.

"Basi sasa irushe wewe."

Nikampa rimoti, nikaenda kuleta dumu la mafuta.