Siku Nilipoikata Kadi Kabla ya Posa

Mwanangu, nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana ukiusikia kwa majirani utakuwa umeshatiwa chumvi. Nakumbuka Alhamisi moja hapa La Rochelle, mtaa wetu huku kusini mwa Afrika, nilichukua mkasi wa jikoni nikaikata kadi yangu ya benki vipande vipande, kisha nikarudi kwenye kochi nikijiona shujaa. Usidhani nilikuwa kijana. Mvi zilikuwa hizi hizi. Ujana ulinirudia siku chache tu, ukaniumbua.

Chanzo ni Zuhura, binti yangu mkubwa, anayefanya kazi Ubelgiji. Alikuwa amenipigia simu akinieleza kwamba huko watu wameanza kuingiwa na wasiwasi. Mtu akinunua mkate mtaani kwake, malipo yanapitia kampuni za Marekani. Je, wakubwa wakigombana, na njia ikafungwa? Basi yeye ameanza kulipia manunuzi yake ya kila siku kwa njia ya Ulaya yenyewe. "Baba, mtegemea cha nduguye hufa maskini," akasema. Nikamwitikia, "Kweli kabisa, mwanangu." Nilikuwa natazama mpira.

Kesho yake nikaitazama kadi yangu. Benki ni ya hapa hapa, lakini pembeni ina alama ya kampuni ya Marekani. Na mashine ya dukani ni ya nani? Sikujua, na mpaka leo sijui vizuri. Lakini mimi ni mtu wa kidato cha nne, nikaona nimeelewa. Nikaikata. Nikapakua programu ya malipo ya Ulaya kwenye simu. Ikafunguka, rangi zake nzuri, ikaniuliza maswali mengi. Nikasema nitayajibu baadaye. Kochi lilikuwa linaniita.

Jumamosi ndiyo siku wageni walikuwa wanakuja kumposa Saida, mdogo wake Zuhura. Mke wangu akanituma nyama ya pilau. Mimi kutoka nje ni adhabu, lakini kwa Saida nilivaa kofia nikaenda bucha moja Rosettenville, mtaa wa jirani. Nyama ikapimwa, ikafungwa. Nikatoa simu kwa madaha.

Muuzaji akaitazama. "Mzee, hii inataka akaunti ya benki ya Ulaya. Hapa ni Rosettenville. Kadi huna?"

"Niliikata."

"Ilikuwa imeisha muda?"

"Hapana. Ilikuwa nzima."

Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni akaguna, "Eish, baba."

Pesa taslimu sikuwa nayo, maana hata mashine ya kutolea pesa huwa naiendea na kadi. Benki ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Nikasimama nje ya bucha nikampigia Zuhura, nikidhani ana dawa. Akasema, "Baba, kadi yangu ya zamani bado ninayo. Nilisema tuongeze mlango. Nani alisema tubomoe uliopo?"

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu alikuwa ameshakaanga vitunguu. Alitoka uani akabisha kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mama Furaha akampa sufuria yake ya sombe, kisamvu chao, aliyokuwa ameipikia wanawe. Wageni wakakaa mbele ya wali mweupe na majani. Baba mdogo wa bwana harusi akauliza kwa upole, "Nyama inakuja?" Mke wangu akamwongezea wali. Nilimsikia Saida akilia chumbani. Wageni wakaondoka bila kuitaja posa, na ikatubidi kubembelezana nao wiki kadhaa kabla hawajarudi.

Sasa, mwanangu, usinielewe vibaya kama mimi nilivyomwelewa Zuhura. Alichosema kina akili. Kumtegemea mmoja kwa kila kitu ni hatari, na ukipata njia nyingine, itumie. Ila ijaribu kwanza kwa kitu kidogo, mkate au soda, kwenye duka unalolitumia kila siku, siyo kwenye karamu ya mtu mwingine. Kilichoota Ulaya huenda hapa hakijafika. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nami nilikuwa nimeuchana mbachao, na msala wenyewe haukuwa umepita hata mtaani kwetu. Na ukiwa na msimamo, angalia gharama yake inalipwa na nani. Kama anayelipa siyo wewe, muulize kwanza.

Mola akujaalie sikio linalosikia hadi mwisho wa maneno, akuepushe na ushujaa wa kwenye kochi, na asikufikishe mbele ya wageni ukiwa na maelezo tu.

Ndizo nasaha zangu. Nimezirefusha kwa sababu napenda kuongea. Mama Furaha alizifupisha jioni ile ile, alipokuja kuchukua sufuria yake: "Baba Zuhura, ile Amerika yako haijui hata kama umeikasirikia. Mwenye kulia ni Saida."