Mkebe wa Spéciose Wafika Malta

Spéciose, Mrundi anayetunza wazee Stockholm, haendi kwa watu mikono mitupu. Basi mwaka 2009, kanisa lao lilipopanga ziara ya kisiwa cha Malta, alioka biskuti za tangawizi akazijaza kwenye mkebe aliopewa na jirani yake wa kwanza pale Spånga, kitongoji cha Stockholm, wiki aliyohamia.

"Mama, tumelipia ziara," bintiye Mélissa alimwambia kwa Kiswidi. "Hakuna mwenyeji."

"Merikebu ya Mtume Paulo ilipovunjika hukohuko Malta, nani alimwashia moto? Si wenyeji wa huko? Hujafika mahali mpaka mwenye nyumba akupokee. Nipe kifuniko."

Kule Malta mwongozaji aliwaonyesha ngome, makaburi na picha za dhahabu. Spéciose aliitikia kwa kichwa tu, macho yakimtafuta mwenye nyumba. Siku ya tatu, kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo, akamwona bibi mmoja akifagia ngazi. Alijitoa kundini, akampa mkebe kwa mikono miwili. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo. Bibi akaupokea, akaingia nyumbani kwake, jirani na kanisa, akakawia. Mwongozaji alitazama saa. Mélissa alitamani ardhi immeze.

Bibi akarudi na mkebe uleule. Spéciose aliupokea, akausikia uzito wake. Akafunua: ulikuwa umejaa tini kavu.

Akajishusha kwenye ngazi, akavua viatu kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu.

"Haya, kaa," alimwambia bintiye. "Sasa tumefika."