Kigari Cheusi cha Erdington

Mbele ya mgahawa mmoja hapa Harborne wameweka kigari cha mtoto cha zamani, kile cheusi chenye magurudumu makubwa na springi, wamekijaza maua. Watu wanakipiga picha. Mimi damu inanichemka, navuka barabara nisikipite.

Tulipokuwa tukiishi Erdington, mtaa mwingine wa jiji hili hili, jirani yetu, bibi mmoja Mwingereza, alimpa mama kigari kama hicho. Mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu kwa upasuaji. Alikipokea kwa mikono miwili, akapeleka sahani ya mandazi. Kisha akafanya ambacho mama yeyote wa kanisani kwetu angefanya: mtoto akamfunga mgongoni, kigari akakijaza unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na chupa za mawese. Kwao Bukavu mtoto hulala mgongoni kwa mtu anayempenda. Kinachosukumwa kwa magurudumu ni mzigo. Hakuona ajabu yoyote, nami sikuona.

Jirani ndiye aliyeona. Jumamosi moja alitukuta tukitoka dukani, akainua paa la kigari amchekee mtoto, akatazamana na makayabu, samaki wetu wa chumvi. Akawa mwekundu. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi, mtoto wa shule ya msingi, ndiye niliyembebesha mama yangu maneno yale: kwamba kigari kile kililea watoto wa huyo bibi, kwamba alikitoa kwa ajili ya mtoto, si kigeuzwe toroli la sokoni, na kwamba anakitaka sasa hivi.

Mama akapakua vyakula vyote pale kando ya njia, watu wakipita. Akakipangusa ndani kwa kitenge chake, akamkabidhi.

"Kwa nini umempa?" nilimfokea.

"Acha, mama," alinijibu, maana ndivyo mama zetu wanavyotuita sisi binti zao. "Ni kitu yake. Siye tuko bageni hapa."

Wageni! Toka siku ile gunia la unga lilipanda kilima cha kwenda kwetu kichwani kwake, mtoto mgongoni, na kidonda cha upasuaji hakijapona. Kiangazi kilipofika, kigari kilikuwa bustanini kwa jirani, kimejaa udongo na maua. Chakula chetu kilikichafua; udongo, la. Na mama alipita pale kila wiki akimwamkia kwa adabu. Mimi sijamsamehe yule bibi, wala sina mpango huo.

Sisemi ni kilima kile peke yake kilichouharibu mgongo wa mama. Baadaye alifanya kazi ya kutunza wazee, akawainua vitandani kwa miaka mingi. Lakini maumivu yalianzia pale, mwenyewe anasema.

Mwezi uliopita nilijifungua binti. Mama alikuja na furaha yake yote, akainama ili nimpandishie mjukuu mgongoni. Nikamlaza. Mama akajaribu kuinuka, akakwama, kiganja kimoja ukutani, jasho likimtoka.

"Mutoe, mama," alisema. "Mukamate, nisimuangushe."